Lotus inayotembea Mwanza: kumbukumbu za gereji, Machi hadi Septemba 2025

MACHI

Kwa anayeingia sasa: gari ni Lotus Elise 111R ya mwaka 2005, gari dogo la michezo la Kiingereza, viti viwili, usukani kulia. Ilitoka Japani, ikashuka bandari ya Dar, ikaletwa Mwanza juu ya lori. Kuishusha mlima wa Sekenke na tairi zilizokauka kwa kukaa sikutaka hata kujaribu. Inalala Kirumba, na inatembea: kazini, Kisesa kwa shemeji, Capri Point Jumapili jioni. Hilo la kutembea ndilo linaloleta ubishi kila nikisimama sheli, kwa sababu watu wanaamini gari ya aina hii kazi yake ni kufunikwa turubai na kufunuliwa siku ya harusi.

Wakati natafuta gari, swali langu lilikuwa moja tu: ikiharibika, nani hapa Mwanza ataifungua? Elise ilijibu vizuri kuliko zote nilizoangalia. Injini yake ni Toyota na bodi yake ni faiba. Injini ni 2ZZ-GE ya cc 1796, Toyota waliibuni pamoja na Yamaha, ndiyo ile iliyokuwa kwenye Celica na kwenye zile Runx za Z. Ni ndugu wa 1ZZ iliyomo kwenye Wish za 1.8 zinazopishana na sisi kila siku. Filta ya oili ile ile, pampu ya maji ile ile. Fundi aliyezoea Wish akifunua kifuniko cha nyuma anaanza kucheka, maana alitegemea kukutana na mgeni. Hata kwa TRA cc hizo zilinisaidia: kuanzia 1000 hadi 2000 ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 5, ukivuka hapo 10. Kilichoniumiza ni umri, kwa sababu gari iliyozidi miaka 10 iliongezewa asilimia 30.

Kazi ya mwezi huu ilikuwa oili inayochuruzika upande wa cheni. Ugonjwa wa kawaida wa injini hizi: ule mpira wa duara wa tenshena, yaani kifaa kinachokaza cheni ya injini, unakakamaa na kuanza kupitisha. Kwenye Elise tenshena unaifikia kwa kutoa tairi la nyuma kulia na plastiki ya ndani ya tao la tairi. Nati mbili tu. Ila tahadhari kwa atakayeiga: tenshena ikiwa nje, mtu yeyote asizungushe injini, hata kidogo. Na kabla ya kuirudisha, irudishe ndani pini yake na uifunge kwa ndoano yake yenyewe. Ukishakaza nati ndipo unazungusha krenki kwa spana hadi ndoano iachie. Mpira wenyewe bei yake haifiki nauli ya bajaji ya kwenda na kurudi Nyegezi.

APRILI

Mvua. Mashimo yamejaa maji na huwezi kujua lipi lina kina gani. Gari imetoka mara chache, asubuhi za ukavu, kiasi cha kuchaji betri na kusugua disku za breki zisishike kutu. Nimeweka pia mtego wa panya gereji. Gari ikikaa kimya, panya wanahamia, na kitu cha kwanza wanachotafuna ni waya.

MEI

Huu ndio mwezi wa kazi, jipangeni.

Rejeta ya Elise iko mbele, imelazwa karibu kabisa. Hewa inaingia mdomoni na kutokea juu kwenye matundu mawili ya boneti. Injini iko nyuma ya viti. Maana yake maji yanasafiri urefu wa gari kwenda na kurudi, kwa mabomba yaliyopita ndani ya vizingiti vya milango. Ulaya huo ni mpango mzuri sana. Hapa kwetu kuna wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi. Ukipishana nao jioni wanaingia kwenye mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa, wanakauka, kisha vumbi la barabara linakaa juu yao. Dashibodi ya hii gari inaonyesha joto la maji kwa namba, kwa hiyo nilikuwa naona tatizo linavyokua: barabarani 88, foleni ya Buzuruga 103 na feni zinapiga kelele.

Nikaanza kuosha kwa maji ya mpira, taratibu, kutoka juu kwenda chini ili uchafu utoke njia ulioingilia. Presha ya kuoshea magari usiisogeze hapo, inalaza mapezi. Uchafu ulipotoka ndipo nikaona doa la pinki kwenye kona: kulanti (maji ya kupozea injini) nyekundu ya Toyota ikivuja pale tangi la plastiki linapobanwa na aluminiamu. Huo nao ni ugonjwa wa ukoo kwa Elise. Fundi wa rejeta alitaka kupaka epoksi. Nilikataa, nikaagiza rejeta ya aluminiamu tupu kutoka Uingereza.

Kuifikia inabidi uvue ganda lote la mbele. Sehemu yote ya pua, boneti pembeni na matao ya tairi ni kipande kimoja cha faiba. Boliti zake zimejificha: nyingine kwenye matao, nyingine chini ya mdomo, nyingine pale mlango unapofungukia. Halafu waya za taa na indiketa. Tulikuwa watatu pamoja na kijana wa jirani, tukalinyanyua na kulilaza juu ya magodoro. Ganda ni jepesi, ila linayumba ukilishika mwishoni, na ukiliachia kona moja linapasuka.

Tulipoligeuza, ndani ya tao la kushoto kulikuwa na ufa ambao rangi ya nje ilikuwa inauficha. Matuta hayo. Elise iko sentimita 13 tu kutoka ardhini, na matuta yetu kila mtaa una vipimo vyake.

Hapa ndipo Mwanza iliponifurahisha. Mjini hapa kunyoosha bati kunajulikana kila kona, lakini faiba si bati. Watu wa faiba wako ufukweni, wanatengeneza boti. Nikalipakia ganda kwenye Canter nikalipeleka upande wa Ilemela kwa mzee mmoja anayeunda boti za kuhudumia vizimba vya samaki. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama, macho yako kwenye ganda. Hakuuliza ni gari gani. Alitoa sarafu ya mia mbili mfukoni akaanza kugonga kuanzia mbali na ufa, akisogea. Ti, ti, ti, ti. Ghafla sauti ikawa ya bubu, du. Akaweka alama kwa chaki. Akagonga kutoka upande wa pili mpaka ikawa bubu tena, akaweka alama nyingine. Eneo alilochora lilikuwa mara tatu ya ufa niliouona mimi.

"Ngosha, hapa tabaka zimeachana. Ukiziba huu ufa peke yake utarudi."

Ganda lilishinda juani kwanza, kwa sababu faiba iliyonyonya unyevu haishiki rezini. Kisha akasaga upande wa ndani kwa upana hadi ule mstari wa chaki, akikonda kuelekea kwenye ufa, akakata vipande vya mati, yaani mkeka wa nyuzi za faiba: kidogo, cha kati, kikubwa. Rezini aliichanganya kidogo kidogo na dawa ya kukaushia akaitia kwa kubana mkono, maana saa saba mchana hapa ukiitia nyingi kopo linachemka kabla hujapaka. Kila tabaka alilipitisha rola ndogo ya chuma, akisukuma viputo vitoke pembeni. Ile mikono haikuwa na haraka hata kidogo, ilhali rezini yenyewe ilikuwa inawahi kukauka.

Tulibishana jambo moja tu, unene. Alitaka kuongeza tabaka mbili. Nikamweleza kwamba gari nzima ina kilo 860 hivi, yaani IST inaizidi, na ganda likiwa gumu sehemu moja litapasuka pembeni yake. Akalishika ukingoni, akalipima kwa vidole.

"Boti yangu ikiwa nyembamba hivi, sangara anaitoboa."

Lakini alinielewa. Ukiligusa leo pale ndani huoni kidonda, unaona kivuli cha kijani tu. Rangi ya nje ilipigwa mjini.

Neno kuhusu kuchomelea. Wakati ganda liko nje, mchomeleaji mmoja alipita akajitolea kuimarisha mahali rejeta inaposhikiliwa. Chasisi ya Elise ni aluminiamu iliyounganishwa kwa gundi ya epoksi, haina mshono wa moto, na yote kwa ujumla ni kama kilo 68. Moto unaua gundi na unalegeza aluminiamu yenyewe. Nimeandika USICHOMELEE kwa rangi nyeupe mahali pawili, mbele na nyuma, kwa ajili ya siku ambayo mimi sipo na mtu ana nia njema.

Rejeta mpya ikaingia. Kujaza maji kunataka subira: unajaza kwenye tangi la nyuma, unalegeza skrubu ya kutolea hewa kule mbele, unasubiri viputo viishe, unafunga, unawasha, unarudia. Sasa hivi Buzuruga saa kumi na moja jioni haivuki 97.

JUNI

Tarehe 19 limefunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji. Kwa wengine habari ni muda wa kusubiri kivuko. Kwangu habari ni ile ngazi ya chuma ya kivuko, ambayo pua ya Elise isingeipanda bila kuacha kipande. Sengerema na Geita kwa gari hii zilikuwa nchi nyingine.

Tukaenda Jumapili alfajiri. Nyegezi, Buhongwa, Usagara, tunapanda kila tuta kwa mshazari, tairi moja moja, bodaboda wananisubiri kwa adabu ambayo siku za kazi hawana. Baada ya daraja lami inafunguka. Mpaka mizunguko 6,000 kwa dakika hii injini ni Toyota ya mtu mwenye familia. Ikipita 6,200 kamu inayofungua valvu inabadilika, na sauti inayotoka nyuma ya kichwa chako haifanani na ile ya mwanzo hata kidogo, hadi 8,500. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo presha ya hewa ni kama asilimia 87 ya ile ya Dar, na kati ya nguvu za farasi 192 za kiwandani hapa nadhani nazipata 168 hivi. Kwa kilo 860 sijawahi kuzidai zilizobaki. Usukani hauna pawa, barabara yote unaisikia mikononi: changarawe, kiraka, mahali lori limekunja lami.

Sengerema mjini niliheshimu kilomita 50 kwa saa zangu. Tochi ya trafiki ya kupima mwendo ilikuwa pale pale nilipoitegemea, na askari alitaka kuona injini tu.

AGOSTI

Tairi. Nyuma ni 225/45 R17, unapata. Mbele ni 175/55 R16, saizi ambayo ukiitaja dukani muuzaji anakurekebisha. Nimezunguka mji mzima, nimepiga simu Dar na Arusha. Mwishowe nimefunga 195/50 R16. Hesabu yake: ya zamani kipenyo milimita 599, mpya 601, kwa hiyo ABS haina malalamiko na spidomita haidanganyi. Usukani umekuwa mzito kidogo wakati wa kupaki.

Kabla ya tairi mpya nilikagua vile viungo vya nyuma vinavyoshika mwelekeo wa tairi. Mwenye Elise yeyote asilale bila kuvijua. Boljointi ya ndani inashikiliwa upande mmoja tu, na ikikatika ukiwa kwenye mwendo tairi la nyuma linajipigia kona lenyewe. Inua gari, shika tairi kushoto na kulia, sukuma na vuta. Langu la kulia lilikuwa na mchezo mdogo, wa kusikika zaidi kuliko kuonekana. Nimefunga seti iliyoimarishwa, inayoshika boliti pande zote mbili.

Alaimenti ikawa kisa. Mashine niliyoiendea, gari haikupanda, pua iligusa kabla ya tairi. Tumefanya kwa kamba gereji: stendi nne, nyuzi mbili za kuvulia zimevutwa sambamba na gari, rula ya chuma, tunapima mbele na nyuma ya kila rimu. Nyuzi za kuvulia ni nzuri kuliko kamba ya ujenzi, hazilegei. Ilichukua siku nzima na gari sasa inakwenda mstari hata ukiachia usukani.

SEPTEMBA

Oili na filta. Plagi zimetolewa, ziko safi, zimerudi. Wadudu wa ziwani wameanza tena, kwa hiyo nimefunga wavu mwembamba wa alumini mbele ya rejeta, wa kutoa na kuosha. Joto limepanda nyuzi mbili tu, nalikubali.

Linalofuata ni klachi. Pedali ikikaa kwenye foleni inazama kidogo kidogo, na gia ya kwanza inakataa hadi nipampu. Giaboksi ni C64 ya Toyota, gia sita, na silinda ya chini ya klachi nimeshaipata kwa muuza spea wa Celica Dar, inakuja na basi wiki hii. Tutaifunga, tutabadilisha na mafuta yote ya klachi, kabla mvua za vuli hazijaanza. Ikikaa sawa, safari inayofuata ni Magu hadi Lamadi.