Visa ya mama imetoka

Alhamdulillahi, visa ya mama ya kuhamia Marekani imetoka. Kwa mnaonipigia simu usiku kuuliza nilimwombeaje, haya ndiyo ninayoyajua.

Ukiwa na grini kadi tu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, mzazi huwezi kumwombea. Sharti uwe raia wa Marekani na uwe umetimiza miaka 21. Ndiyo maana nilingoja nile kiapo cha uraia kwanza, kisha nikatuma I-130, fomu ya kumwombea jamaa.

Fomu yenyewe si kazi. Kazi ilikuwa jina. Cheti changu cha kuzaliwa cha Mombasa kinamwita mama Mwanaisha, pasipoti yake yasema Aisha. Karani wa enzi hizo aliandika alivyosikia, nadhani. Ikabidi mama aende kwa wakili kuapa kuwa wote wawili ni yeye, na shangazi akatoa ushahidi. Mama alicheka mpaka akakohoa: "Mimi niliyekuzaa, leo natafutiwa shahidi?"

Halafu kuna I-864, ahadi ya kumtunza. Kipato chako kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, kwa hesabu ya watu wote wa nyumbani, naye akiwemo. Na haikwishi akishatua uwanja wa ndege. Inakubana hadi awe raia au afikishe robo mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka 10. Someni kabla ya kutia sahihi, jamani.

Na nyinyi ndugu zangu wa tumbo moja: mzazi wa raia hana foleni ya mgao wa visa wa kila mwaka, ndugu anayo, tena inapita miaka 10. Msininunie.