Clam Lake, juma la pili la Septemba: mbwa, dubu na ugomvi wa wawindaji

Kutoka Minneapolis hadi Hayward ni kama saa mbili na nusu kwa gari. Unapanda barabara kuu ya 35 kwenda kaskazini mpaka Pine City, unakata kulia kwa barabara ya 70, unavuka mto St. Croix na kuingia Wisconsin, na kuanzia Spooner unashika ya 63. Mashamba ya mahindi yanapungua kidogo kidogo na misonobari inachukua nafasi yake. Ukitoka Hayward kwa barabara ya 77 unazama kwenye msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet, ekari zaidi ya milioni moja na nusu, mpaka Clam Lake. Hapo barabara za kokoto zinatawanyika kila upande na simu inapoteza mtandao.

Juma hilo nililichagua makusudi. Msimu wa dubu mweusi Wisconsin ni wa siku 35. Katika zoni za kaskazini ambako mbwa wanaruhusiwa, juma la kwanza ni la upande mmoja tu, ama wanaofukuza kwa mbwa ama wanaovizia kwenye chambo, majuma matatu ya katikati ni ya wote, na juma la mwisho ni la upande wa pili. Mwaka unaofuata wanabadilishana. Mwaka huo walitangulia wawindaji wa chambo, kwa hiyo juma la pili ndilo pikapu za mbwa zilipoingia msituni kwa mara ya kwanza tangu msimu ufunguliwe, na wale wa chambo bado wamo. Ukitaka kuwasikia wote wawili wakisemana, huo ndio wakati wake.

Tulianza, mimi na kundi la wenye mbwa, saa kumi na moja alfajiri, bado giza. Kwanza zinakaguliwa sehemu za chambo, maana hata wenye mbwa wanaweka chambo, jambo ambalo wengi wa nje hawalijui. Sheria inaruhusu galoni 10 kwa sehemu moja, kama lita 38, ndani ya gogo lenye uwazi au shimo lililofunikwa kwa magogo ili kulungu wasifikie. Nyama na mifupa ni marufuku. Humo mlikuwa na mikate mitamu iliyopitwa na wakati, karanga na molasi. Chokoleti wenye akili wanaiepuka: mwaka 2014 dubu wanne walikutwa wamekufa New Hampshire kwa sumu ya theobromini iliyomo kwenye chokoleti ya chambo.

Magogo yakikutwa yamesukumwa, hatua ya pili ni kusoma unyayo. Hupimwa upana wa kiganja cha mguu wa mbele: inchi tano na kuzidi ni dubu mkubwa, mara nyingi dume. Tochi huzungushwa pembeni kutafuta nyayo ndogo, kwa sababu kuua mtoto, au mzazi anayeandamana na mtoto, ni kosa. Kamera iliyofungwa mtini inasema alipita saa ngapi. Harufu iliyoachwa saa moja iliyopita mbwa yeyote mzuri ataifuata. Iliyokaa kwa muda wa saa tano, na jua likiwa limeshakausha umande, inataka pua ya pekee.

Juu ya sanduku la mbwa, nyuma ya pikapu, kuna jukwaa lenye mpira usioteleza. Mbwa wawili hufungwa hapo kwa mnyororo mfupi, usiowawezesha kuning'inia pembeni gari likiyumba. Gari linatembea taratibu, wenyewe wameinua pua. Nilimtazama jike mmoja wa rangi ya milia: kichwa kiligeuka kama mtu aliyeitwa jina, puani mkatoka mipumuo mifupi mifupi, halafu akalia kwa sauti ndefu ya kuvuta. Gari likasimama. Dereva hakuwafungua mbwa. Alishuka, akatafuta unyayo kwenye mchanga wa ukingo wa barabara, akaukuta, akainama kuangalia kama chembe za mchanga pembeni yake zilikuwa zimeshaanza kuporomoka. Ndipo akafungua mbwa wawili, na baada ya dakika kumi za kusikiliza akaongeza wanne. Sita ndio mwisho wa kundi, hata wawindaji wakiwa kumi.

Yule jike alikuwa Plott, mbwa waliotokana na wale walioletwa Carolina Kaskazini na familia ya Plott kutoka Ujerumani mwaka 1750. Tangu 1989 ndio mbwa rasmi wa jimbo hilo. Sifa yao ni kutomwogopa dubu akisimama kupigana. Kuna na aina nyingine: Walker wana mbio. Bluetick ni wazito kidogo, lakini harufu iliyopoa wanaiweza. Wote wamezalishwa kwa ajili ya sauti, kinyume kabisa na mbwa wa kuwindia wa Congo, basenji, ambao hawabweki na huvishwa kengele shingoni ili mwenyewe ajue walipo. Huku sauti ndiyo habari. Mlio mrefu maana yake wako kwenye harufu. Ukigeuka kuwa mkato mkato, wa haraka, usiohama, dubu yuko juu ya mti. Ukiwa mkato lakini unahamahama, dubu hajapanda: anatembea, anageuka, anapiga kofi. Huyo ndiye anayejeruhi mbwa, na mara nyingi ni dume mzito asiyeona sababu ya kupanda.

Shingoni kila mbwa ana kola ya GPS inayotuma mahali alipo kila baada ya sekunde chache. Mtengenezaji anataja umbali wa maili tisa. Kwenye msitu mnene na mabonde usitegemee hata nusu ya hapo. Kola hizi ndizo zimechochea ugomvi kupita kitu kingine chochote.

Mchana, kwenye maegesho ya duka la mafuta, niliwasikia watu wa chambo. Hoja yao ni ya haki ya mnyama. Dubu, wanasema, ana mbio na ana msitu. Ukimfuata kwa mbwa sita, magari matatu na skrini inayoonyesha kila kona aliyopiga, umemwachia nini? Wao wanakaa juu ya jukwaa mtini, mita 15 au 20 kutoka kwenye gogo, bila kutikisika, kwa muda wa saa nne au tano. Dubu anakuja ametulia. Mama mwenye watoto anakuja nao, na mwenye subira anawaona kabla ya kugusa bunduki. Halafu wana malalamiko ya karibu zaidi: wamelisha sehemu moja tangu katikati ya Aprili, chambo kinaporuhusiwa, na kundi la mbwa linapita hapo asubuhi moja na kufukuza dubu wote kwa siku kadhaa.

Wenye mbwa wanajibu kwa mti. Dubu akishapanda, una dakika ishirini za kumtazama kwa darubini. Masikio yakionekana madogo na yametengana, kichwa ni kipana, ni mkubwa. Yakionekana marefu kama ya punda, ni kijana, mwache. Unazunguka mti kuona tumbo na kujua ni dume au jike. Unakagua miti ya jirani, kwa sababu watoto hupanda kabla ya mama na hujibanza kimya. Kisha unaamua, na mara nyingi uamuzi ni kuwafunga mbwa na kuondoka. Kibali cha kuua hupatikana kwa bahati nasibu yenye foleni ya miaka, kwa hiyo wengi wa wenye mbwa hawana kibali mwaka huo, wanamfukuzia rafiki. Wanawauliza wa chambo: wewe uliyefyatua jioni, mwanga umebaki kiasi cha kiganja, ulimjua huyo dubu ni nani?

Hoja ya mti ni nzito, na nilichokiona asubuhi ile kinaiunga mkono: dubu wa kwanza alikuwa jike mdogo, akaachwa. Lakini ina tundu moja ambalo waaminifu miongoni mwao wanalikubali. Mama akifukuzwa kilomita tano huweza kuwaacha watoto nyuma, wamepanda mti mwingine mbali. Akiwa peke yake juu ya mti, hilo si uthibitisho kwamba hana watoto. Ndiyo maana ukaguzi wa nyayo alfajiri, kabla ya kufungua mbwa, ni muhimu kuliko darubini.

Ikiamuliwa kupiga, kwanza mbwa wote wanafungwa nyuma, mbali na shina. Anayeruka hatua hii hupoteza mbwa, kwa sababu dubu aliyejeruhiwa huangukia katikati yao. Risasi moja nyuma ya bega, mnyama akiwa amekaa ubavu. Joto linaharibu mengi kabla ya hapo: mwezi huu dubu ana tabaka nene la mafuta, naye huzidiwa kama mbwa, hivyo hukimbilia kwenye kinamasi cha mierezi. Jua likishapanda, saa nne hivi, wenye busara wanafunga kazi na kunywesha mbwa. Nungunungu ni balaa jingine. Miiba yake ina vinyweleo vya kulabu, inazidi kuingia kila mbwa anapojisugua, na huchomolewa kwa koleo, mmoja mmoja, kwa kuvuta moja kwa moja bila kuuzungusha.

Jambo linalowagawa hata wenye mbwa wenyewe ni mazoezi ya Julai na Agosti. Mbwa wanaruhusiwa kufukuza dubu bila kuua, na bila leseni. Miezi hiyo mbwa mwitu wa kijivu wanalea watoto kwenye maeneo yao ya kukusanyikia, na mbwa wageni wanaopiga kelele humo wanauawa. Jimbo hulipa mwenye mbwa hadi dola 2,500 kwa mbwa mmoja na hutoa ramani za tahadhari. Wapo wawindaji wanaoziheshimu, wanaotembea barabarani kutafuta nyayo na kinyesi cha mbwa mwitu kabla ya kufungua mlango wa sanduku. Wapo wasiofanya hivyo, kisha wanadai mbwa mwitu wapunguzwe.

Na karibu na Hayward wanaishi Waojibwe wa Lac Courte Oreilles, ambao wenye ukoo wa dubu, makwa, wamo kati yao, na kwao mbwa mwitu, ma'iingan, ni ndugu. Februari 2021 wawindaji wenye leseni za jimbo waliua mbwa mwitu 218 kwa muda usiofika siku tatu, wakati mgawo wao ulikuwa 119, na wengi waliuawa kwa msaada wa mbwa. Makabila ya Waojibwe yalikuwa na mgawo wa 81 na hayakuutumia, kwa makusudi. Wawindaji kadhaa wa dubu waliniambia ile ndiyo iliyowaharibia jina, na naamini wana haki ya kusikitika.

Colorado ilishapiga kura kuzuia mbwa na chambo mwaka 1992, Oregon 1994, Washington 1996; mwaka huo huo Massachusetts ilizuia mbwa. Maine ilikataa zuio mara mbili, 2004 na 2014. Wa chambo wa Wisconsin wanajua kwamba kura za namna hiyo huwa zinawachukua na wao pia, kwa hiyo ugomvi wao mbele ya wageni huwa wa sauti ya chini.

Jioni ya pili mbwa mmoja hakurudi. Kola yake ilikuwa imenyamaza upande wa pili wa shamba la mtu binafsi, na mwenye shamba hakuwepo nyumbani kuombwa ruhusa. Mwenye mbwa alirudi mahali pale pale alipomfungua asubuhi, akavua koti alilolivaa siku nzima, akalitandaza chini ya msonobari kando ya barabara, akaweka na sufuria ya maji. Mbwa aliyepotea hufuata harufu yake mwenyewe kurudi alikoanzia, na akikuta nguo ya bwana wake hulala juu yake. Atakuja kumtazama kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, alisema, akawasha gari.