Ukuu wa idara nilifundishwa na katibu muhtasi

Barua yangu ya uteuzi ilikuwa nusu ukurasa. Unateuliwa kukaimu nafasi ya Mkuu wa Idara kuanzia tarehe ya barua hii, alafu nakala kwa huyu, nakala kwa yule, basi. Aliyenitangulia kanikabidhi funguo 7 pale mlangoni, mmoja haufungui kitu mpaka leo, kaniambia "pole sana kaka" huku anacheka na kashuka ngazi kama mtu aliyenusurika ajali. Mi wala sikuwa na hofu. Nina PhD, nina machapisho, nimesimamia wanafunzi wa uzamili, nikajisemea watu 19 watanishinda nini.

Kikao cha kwanza kilianza saa 4 asubuhi. Saa 8 mchana bado tuko kwenye yatokanayo, yaani yale yaliyobaki toka kikao kilichopita, mtu kaleta habari ya projekta iliyopotea enzi za mkuu wa idara wa nyuma kabisa, mwingine analalamikia masomo aliyopewa semista iliyopita, wawili wakaanza kurushiana maneno ya mwaka juzi, na mimi nimekaa pale mbele natikisa kichwa kama niko kwenye kongamano nasikiliza mada. Mgawanyo wa masomo, ndo uliotukutanisha, hatukuufikia. Watu wakatoka mmoja mmoja kwenda kula hawakurudi.

Anayeandika muhtasari wa vikao vyetu ni katibu muhtasi wa idara, mama mmoja ana miaka 59 sasaivi, kaona wakuu wa idara wanakuja wanaondoka sijui wangapi. Kwenye makaratasi mi ndo bosi wake, ila asubuhi naingia na shikamoo yangu na yeye anaitikia marahaba ndo tunaanza kazi, hatujawahi kujadili hilo. Kesho yake kafunga mlango akaniambia, Daktari, yatokanayo sio mahali pa kufufua wafu. Mtu akisimama muulize tulikubaliana ufanye nini na umefikia wapi, kama hana jibu songa mbele. Alafu kaniambia kabla ya kikao kijacho nipite kwa wale wawili wanaogombana, kila mmoja ofisini kwake, niwaulize wanataka kufundisha somo gani. "Ukiingia mle ndani uwe unajua nani atasema nini. Wewe unaingia kama mgeni mwalikwa."

Kikao cha pili lisaa limoja na dakika 10. Watu walitoka wanaangaliana.

Sasa hapo ndo nikaanza kujiuliza, hivi haya mambo nilitakiwa niyajulie wapi? Ukiwa mwalimu wa shule ukapewa ukuu, kuna chuo cha ADEM pale Bagamoyo, kazi yake hiyo hiyo, uongozi na usimamizi wa elimu. Mzumbe tunayoijua leo kama chuo kikuu ilianza 1953 kama shule ya serikali za mitaa, yaani mkoloni mwenyewe aliona hata chifu aliyezaliwa kwenye uchifu inabidi akae darasani afundishwe uendeshaji. Viongozi wa serikali wana Taasisi ya Uongozi toka 2010. Mhadhiri je? Mhadhiri anapanda cheo kwa machapisho na ufundishaji, miaka 10, 15, amejifungia peke yake na data zake, siku moja inakuja barua ya nusu ukurasa kwamba kuanzia leo una watu, una bajeti, una masurufu, zile hela watu walizopewa za kazi na safari, yasiyorejeshwa, una malalamiko ya wanafunzi. Hakuna mahali tulipopewa pointi kwa kujua kumwambia mtu mzima mwenzako kwamba amechelewesha matokeo na watoto 140 wanamsubiri yeye.

Na sio kwamba hela haiji vyuoni. Mradi wa HEET, ule wa kuboresha elimu ya juu, mkopo wa Benki ya Dunia dola milioni 425 toka 2021, vyuo vya umma majengo yanaota kama uyoga na wenzetu wengi wamepelekwa kusoma uzamili na uzamivu. Sina neno baya kabisa na hilo. Ila wa kuyaongoza hayo majengo bado tunawapata kwa mtindo wa nani yupo, nani hana safari, nani hatakataa.

Semina elekezi nilikuja kupelekwa nikiwa na miezi 8 kwenye kiti. Siku 2, hotelini, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe. Slaidi ya kwanza simba anaongoza kondoo, slaidi ya pili tofauti kati ya meneja na kiongozi, mnaijua ile, ya tatu nadhani ilikuwa barafu baharini. Nilikuwa najibu meseji za wanafunzi chini ya meza. Ila nisimwonee mwezeshaji, maana siku ya pili baada ya chai alifanya kitu kimoja ambacho mpaka leo nakishukuru, alitupanga wawili wawili, mmoja mkuu wa idara mwingine mhadhiri ambaye hajapeleka matokeo, tuongee. Mwanzoni ukumbi mzima kicheko. Mwenzangu ni mama mmoja wa kitivo kingine, aliigiza mhadhiri, akaanza utani utani alafu katikati akabadilika sauti, akasema "unajua mwanangu amelazwa wiki ya tatu na hakuna aliyeniuliza". Sikujua kama bado ni maigizo. Sikuuliza. Nilikaa kimya na ule ukimya ndo nadhani ulikuwa somo lenyewe. Dakika 20 zile zilinifaa kuliko slaidi zote.

Kilichonikera, na hili ntalisema hata nikiambiwa nina maneno, ni kwamba katibu muhtasi wetu hakualikwa. Yeye ndo aliandaa dokezo la safari, alifuatilia masurufu, alinipigia simu kunikumbusha basi linaondoka saa 12, ila mafunzo "ni ya wanataaluma, wale ni waendeshaji". Kwani fundi sanifu wa maabara hasimamii watu? Mkutubi je, afisa udahili mwezi wa kumi akiwa na foleni mpaka nje kwenye mwembe? Mwanafunzi akifika chuoni siku ya kwanza haonani na profesa, anaonana na hao, na chuo anakijua kwa jinsi walivyomjibu. Sisi wenye vitabu tunakuja wiki ya pili.

Basi bwana, tuje kwenye ile iliyoninyima usingizi. Wakati wa OPRAS, ule utaratibu wa kupima utendaji wa watumishi ulioanza 2004, wote tunajua fomu zilikuwa zinajazwaje, mwezi wa sita jioni moja, malengo na utekelezaji kwa wino ule ule. Sasaivi ni PEPMIS, kazi ile ile ila iko kwenye mfumo wa kompyuta, kila mtumishi yuko chini ya msimamizi wake, majukumu yanaonekana na asiyejaza anaonekana. Kwenye idara yangu wote walikuwa wameanza kujaza isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndo aliyenifundisha mwaka wa kwanza, aliyenipa C nikalia chooni, aliyeniandikia barua ya kuombea ufadhili wa PhD. Nimwambie nini? Nikafanya ujinga, nikamwandikia barua pepe ya kiofisi, unakumbushwa kukamilisha ndani ya siku 5 za kazi, nakala kwa mkuu wa kitivo. Hakujibu. Korido tukikutana ananipita kama nguzo.

Mama, yule katibu muhtasi wetu, aliposikia kashika kichwa. "Nakala kwa mkuu wa kitivo? Daktari, umemshtaki mzee." Akaniambia usiandike tena, nenda mwenyewe, usimwite ofisini kwako hata kama kanuni inaruhusu, nenda saa 4 akishakunywa chai, na usianze na hilo.

Nikaenda. Shikamoo Prof. Marahaba, kaa. Nikaomba radhi kwa ile barua kwanza. Akaniongelesha dakika 40, vitabu vilivyokuwa adimu enzi zao wanasoma kwa zamu, nani alikuwa mbishi darasani, mi naitikia tu. Mwishoni kanyamaza, kaangalia dirishani, kasema taratibu, "ile paswedi imenipotea toka mwezi wa tatu, na wale vijana wa TEHAMA wote nimewafundisha mimi." Hivyo tu! Yaani mi nimekaa wiki 3 naona dharau, naona siasa, kumbe mzee anaona aibu. Nikavuta kiti upande wake wa meza, tukaifufua paswedi, majukumu yake tukayaingiza pamoja, na alinisahihisha Kiswahili kwenye mawili.

Toka hapo kuna vitu nimebadilisha, sio vikubwa. Kuendesha kikao tunapokezana, mwezi uliopita alikuwa mkufunzi msaidizi, binti hata mwaka hajamaliza kazini, mikono inatetemeka na ajenda inatetemeka nayo, ila alimkatisha profesa kwa heshima nzuri sana, "Prof naomba hilo tulipeleke mengineyo", na Prof kakaa. Na nilipoombwa na kitivo niwafundishe wakuu wa idara wapya kuhusu vikao nilisema nakuja na katibu muhtasi, yeye aongee nusu ya muda. Wakashangaa kidogo, alafu wakakubali. Aliongea kuhusu yatokanayo, na watu waliandika kuliko walivyoandika mimi nikiongea.

Tatizo Novemba anafikisha 60, anastaafu. Nafasi tumeshaiombea kibali, jibu ni subirini. Miezi 2 hii namwona kila jioni anaandika kwenye kaunta buku kubwa, lile la jalada jeusi, nikimuuliza anasema ni la atakayekuja. Wiki iliyopita kaliacha mezani kaenda kuswali, na mi kwa umbea wangu nikafungua ukurasa wa kwanza, nikijua ntakuta utaratibu wa masurufu au wapi majalada yanakaa.

Kaandika majina ya wote waliofiwa idarani mwaka huu, na mbele ya kila jina, nani hajaenda kumpa pole. Jina langu lipo mara 2.