Siku moja maishani mwangu: stesheni ya Miritini, kuanzia alfajiri hadi treni ya saa tisa

Saa kumi na nusu alfajiri, kabla ya adhana, huwa nimekwisha kutoka nyumbani Mikindani na kupanda tuktuk ya kwanza ninayoipata barabarani. Wakati huo malori ya bandarini yameanza kupanga foleni, na kila nikiyaona huwafikiria abiria ambao bado wako kisiwani Mombasa wakifunga mizigo, kwa sababu njia yao ndiyo hiyo hiyo. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee, wagonjwa na wanaotumia viti vya magurudumu katika stesheni ya Mombasa ya reli mpya ya kwenda Nairobi, iliyoko Miritini, nje ya kisiwa. Wapo wasemao kwamba kazi ya stesheni huanzia langoni, abiria akishafika; mimi naona vingine.

Saa kumi na moja na nusu nimefika. Jengo la Miritini lilisanifiwa kwa umbo la mawimbi yanayozunguka mnara, duara nje ya duara, mithili ya maji yaliyoangukiwa na jiwe, na kulipokuwa kunapambazuka leo nimelitazama kwa mapenzi yale yale niliyokuwa nayo siku ya kwanza. Lilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, pamoja na reli yenyewe ya kilomita 472 hadi Nairobi.

Kuanzia saa kumi na mbili abiria wa treni ya asubuhi humiminika. Kwanza mizigo hupangwa chini kwa mstari, wenyewe wakasimama kando, mbwa wa polisi wakainusa. Kisha hupitishwa kwenye mashine, tiketi na vitambulisho vikaangaliwa, ndipo mtu aingie ukumbi wa kungojea. Kwa kijana hayo ni mambo ya dakika chache, lakini kwa mzee mwenye magoti mabovu kila hatua ni kusimama, kuinama na kusimama tena, ndiyo maana hukaa karibu na mstari wa mizigo badala ya kungoja niitwe.

Saa mbili kamili treni ikaondoka. Hii ndiyo inayosimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River, na wengi wanaoipanda hawaendi Nairobi kamwe. Wanarudi makwao Taita au Ukambani.

Dakika chache baadaye tuktuk moja ikaingia kwa kasi. Ndani yake mlikuwa na bi mkubwa wa Kibokoni, kule kisiwani, buibui lake limejaa vumbi, pamoja na mjukuu wake. Walitoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, wakakwama Kibarani nyuma ya lori lililoharibika, na matatu yao ilipofika Changamwe ikakataa kuendelea, wakashushwa na mizigo yao. Bibi alikuwa anakwenda Nairobi kumwona daktari kesho yake.

“Shikamoo, bibi,” nikamwambia.

“Marahaba, mwanangu. Limekwenda?”

“Limekwenda, bibi. Lakini saa tisa lipo jingine, na hilo hufika leo leo usiku.”

Mjukuu akalipa tiketi nyingine kwa simu, shilingi 1,500, na sikupata la kumfariji juu ya ile iliyopotea. Nikaleta kiti cha magurudumu, tukamtafutia bibi kivuli na maji, kisha tukakaa naye saa nyingi kuliko ninavyokaa na abiria yeyote.

Aliyonisimulia mchana huo ndiyo yaliyonifanya niandike. Zamani, alisema, safari ya Nairobi ilianza kwa miguu: hamali alitangulia na mkokoteni, wao wakafuata polepole hadi stesheni ya zamani, mwisho wa barabara ya Haile Selassie, wakapanda gari la moshi jioni na kulala humo. Reli ile, yenye upana wa milimita 1,000, ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji wetu ulikuwa hata na vigari vidogo juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu kati ya bandari ya Kilindini na mjini. Yaani aliyeshuka melini aliweza kufika mjini kwa reli, ingawa ni kwa jasho la mwenzake.

Hata hivyo safari za zamani hazikuwa za raha tupu. Bibi mwenyewe alikiri kwamba gari lilichelewa mno, pengine wakafika adhuhuri ya siku ya pili, na kwamba kupanda ngazi za behewa akiwa na mtoto mgongoni kulimtia hofu. Ninaelewa pia kwamba stesheni kubwa kama yetu, yenye reli nyingi sambamba na uwanja wa magari, isingepata nafasi kisiwani. Lakini bado sikubali kwamba kazi ya stesheni huanzia langoni. Kwa mgonjwa aliyeachwa Changamwe na mizigo yake, viti vizuri vya ukumbini havijawa msaada bado. Anachohitaji ni gari la uhakika kutoka mjini linalofuata saa za treni na lenye mlango anaoweza kuuingia.

Saa nane na nusu tukaanza kuwapandisha. Hapa stesheni hii huniridhisha kabisa: jukwaa limeinuliwa karibu sawa na sakafu ya behewa, kwa hiyo kiti cha bibi kilihitaji msukumo mdogo tu, bila kumbeba mtu mzima mikononi mbele ya macho ya watu. Alishika mkono wangu mpaka alipokaa dirishani, akauliza kama daktari akimaliza naye ataweza kurudi kwa gari la usiku. Nikamweleza kwamba lipo, huondoka Nairobi saa nne, lakini hufika hapa alfajiri sana. Kwa hivyo mjukuu aweke ahadi na dereva wa tuktuk mapema, asingoje mpaka washuke. Mjukuu akaiandika nambari ya dereva aliyewaleta asubuhi.

Saa tisa kamili treni ikaanza kwenda.