Kipupwe kimeingia, majamvi yashonwe

Mwezi wa sita huu, masika yashatuaga, baridi ya kipupwe imeingia na huku kwetu Wete, Pemba, kila mtu macho yako juu ya mikarafuu. Matumba ya karafuu yameshatoka, bado ya kijani. Mama yeye hatazami juu, anatazama majamvi ya kuanikia, yale ya msimu uliopita yamechanika kwa hiyo kila jioni ni kusuka ukili wa miyaa na kushona, na mie nishapewa fungu langu.

Nataka niseme jambo moja maana linanikera sana. Watu wakisikia kilimo hai wanajua ni kutotia mbolea ya dukani, basi kwisha. Ingekuwa ni hivyo tu basi Pemba nzima ilikuwa hai tokea zama za mababu, wazee wangapi walikuwa na pesa ya mbolea? Kazi yenyewe ni mwaka mzima na inaendelea mpaka karafuu iingie kwenye gunia.

Chukua masika. Kisiwa chetu ni vilima na mabonde, mvua ya mwezi wa nne ikipiga udongo mzuri wote unateremka bondeni kwenye mpunga na juu unabakiwa na wekundu mtupu. Sie hatuiachi ardhi uchi, chini ya migomba tunatandaza makumbi ya nazi na majani makavu, na kwenye mteremko tumepanda mchaichai mistari mistari uzuie maji. Mchaichai huo una kazi nyengine pia, maana shamba la juu yetu wanapiga dawa ya magugu na mvua inatuletea sie. Baba alimfuata mwenye shamba kwa adabu, wakakaa wakazungumza, yule bwana akakubali kuacha kipande cha mpakani asikipige dawa. Sio kila jirani atakubali, kwa hiyo mpaka wako uupande mwenyewe usingojee hisani.

Halafu mboji. Tunapanga majani makavu, juu yake samadi ya ng'ombe, juu majani mabichi ya gliricidia (hii miti ndo imebeba pilipili manga zetu, ukiipogoa unapata majani bure), majivu kidogo, maji, unaanza tena. Unachomeka kijiti mpaka katikati ya lundo, ukikichomoa baada ya siku chache ukishike, kikiwa cha moto na kina unyevu lundo linafanya kazi, kikiwa baridi ujue hewa haipiti au maji hayatoshi, ligeuze. Mdogo wangu yuko skuli bado lakini kijiti hicho ni chake, hakuna mtu mwengine anayekigusa.

Sasa karafuu zenyewe. Zinaanza kuiva tokea mwezi wa saba na zinataka mtu mwepesi, unachuma tumba likiwa limejaa na linaanza kupiga wekundu lakini kichwa hakijafunguka, ukichelewa linachanua, ukichelewa zaidi linakuwa mpeta, yaani tunda. Wachumaji wanapanda kwa kamba na pakacha, na mikarafuu mengine ni mirefu mno, roho inakuwa juu mpaka washuke. Usiku nyumba nzima inakaa kuchambua makonyo, yaani kutoa vijiti vinavyoshika karafuu, na asubuhi lazima zianikwe, ukiziwacha kwenye lundo zinapata joto na kuvunda, zikikauka zinatoka nyeupe nyeupe na hazina harufu ya maana.

Na hapa ndo pananiuma. Mtu kahangaika mwaka mzima na samadi na mpaka, halafu karafuu anakwenda kuzianika kwenye lami kwa sababu lami inakausha haraka! Gari zinapita, mafuta, vumbi, mbuzi. Yakhe, hiyo tena sio karafuu hai, na huyu mnunuzi anayeitaka safi hatoulizia mbolea, atanusa tu. Jamvini jua likiwa zuri zinachukua siku tatu nne, unazigeuza geuza, wingu likija unazikunja mbio, na ukitaka kujua zimekauka unaivunja moja kwa vidole, inakatika na mlio, kichwa kiko palepale na rangi ni kahawia moja. Kilo tatu mbichi zinakupa kama kilo moja kavu, ndo maana watu wanakuwa na haraka, naelewa, lakini hapana.

Kaskazi, wakati wa joto, ni ya kuvuna manjano, kile kiungo, majani yakishakauka tunafukua, tunachemsha, tunakata vipande na kuanika kwenye majamvi hayahaya yakishasafishwa. Kazi ngumu ila jua lipo la kutosha.

Tabu yetu kubwa ni vuli. Kuna karafuu zinazoiva wakati huo na mvua nayo ndo inashika, jamvi halifai kitu ikinyesha kutwa, na ndo wakati watu wanapozidi kukimbilia lami. Mwaka huu tumeamua kujenga kichanja kilichoinuka na kukiezeka nailoni nyeupe ya kupitisha mwanga. Baba anahofia karafuu zitapikika kwa joto, mie nimemwambia tuache pande mbili wazi upepo upite na tujaribu kwanza kwa pishi chache (pishi ni kipimo chetu cha zamani). Kakubali hilo la pishi chache. Miti ishakatwa, nailoni tutanunua karafuu za mwanzo zikishauzwa.