Kapu la Digidigi, Kutoka KIA Hadi Machame

Nilitoka Arusha kwenda Moshi kwa mambo ya ukoo ambayo hayana haja ya kusimuliwa. Coaster ilijaa hadi mlangoni, nauli imepanda tena, na mimi nikapewa kiti cha kukunja kwa bei ileile ya waliokaa dirishani. Njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akapanda mama mmoja wa makamo, amepakata kapu lililofunikwa khanga. Konda akadai kapu nalo lilipiwe buku.

"Mwanangu, mbona nampakata?" mama akasema. Khanga ikatikisika, ikachomoza pua ndefu, nyembamba, inayochezacheza. Mtoto wa digidigi!

Gari zima likageuka. Abiria mmoja akatoa pakiti yake ya maziwa ili anyweshwe papo hapo. Mwingine akauliza bei. "Hauzwi," mama akajibu, akafunika kapu. Akanieleza kwamba mbwa wa wachungaji walimuua mama wa digidigi huyo jana jioni, na mzoga aliuona kwa macho yake. Asubuhi mtoto alikuwa bado amelala chini ya kichaka kilekile. Jirani ndiye aliyemwelekeza kwamba Machame juu yupo daktari wa mifugo anayepokea wanyamapori wachanga. Tulipofika njia panda ya Machame nikashuka naye. Ukoo ungenisubiri. Bodaboda waliona kapu, wakaona na mgeni, wakataja bei ya kumpeleka mtu kilele cha mlima. Mama akawashusha kwa Kichaga mpaka wakacheka wenyewe.

Kwa daktari, binti aliyetupokea hakukimbilia kumshika digidigi. Alianza na maswali: mmemtoa wapi, saa ngapi, nani amemwona mama yake? Tulipomweleza habari za mzoga ndipo akapokea kapu. Alisema wengi wanaoletwa si yatima kabisa. Digidigi huficha mtoto kwenye nyasi wiki zake za kwanza, akaenda kula, akarudi mara chache tu kwa siku kumnyonyesha. Mtoto hulala kimya, hatikisiki, maana ndiyo kinga yake. Mtu akipita anamwona ametupwa, anambeba.

Hapo nilikumbuka kwetu Singida. Watoto wanaochunga mbuzi humwokota digidigi, wakaja naye mbio nyumbani, na watu wazima huwasifu. Anashikwa chali, kichwa juu, anamiminiwa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Siku chache baadaye anakufa, nasi tunasema mnyama wa porini haishi na watu. Wangapi kati yao walikuwa na mama zao, wamesimama nyuma ya minyaa wakingoja tuondoke?

Binti alimweka digidigi wetu kwenye mizani ya jikoni. Hakufika kilo moja. Akampima joto, akamzungushia taulo lenye chupa ya maji vuguvugu. Maziwa hakumpa. Mama akauliza mbona anamnyima na njaa yote ile. "Akiwa baridi, mama, tumbo halisagi. Apate joto kwanza." Baadaye ndipo akaleta maziwa ya mbuzi kwenye chupa ndogo, akamsimamisha kwa miguu yake minne, shingo imenyooka kama anavyonyonya porini, kwa sababu akilazwa chali maziwa huingia mapafuni. Alipomaliza akampangusa chini ya mkia kwa kitambaa chenye unyevu hadi akakojoa. Kazi hiyo mama yake huifanya kwa ulimi. Bila hiyo mtoto mchanga hutunza mkojo na choo ndani hadi augue.

Chumba cha pili kulikuwa na mtoto wa mbega, mweupe mwili mzima, maana rangi nyeusi huja miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Mama yake alinaswa na umeme kwenye nyaya. Alikuwa ameng'ang'ania blanketi kwa vidole vyote. Nilikuwa na ndizi mbivu mkononi, nikaambiwa niirudishe mfukoni: tumbo la mbega lina vyumba vya kuchachua majani, na sukari ya ndizi huweza kulivimbisha mpaka afe.

Binti akampigia afisa wanyamapori wa wilaya, kwani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga mnyamapori bila kibali. Mama akashtuka, akidhani anashtakiwa. Nadhani hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi wawafiche wanyama hawa uani.

Mama akauliza kama anaweza kuja kumtembelea digidigi. Akakataliwa kwa upole: akizoea watu, siku ya kurudi porini atawasogelea hata wenye mbwa. Ila namba yake ya simu waliichukua. Digidigi huishi wawili wawili, kila jozi na eneo lake, na hawampokei mgeni. Kwa hiyo siku ya kumrudisha lazima ajulikane mtu wa kuonyesha kichaka ambacho mama yake aliuawa.

"Kichaka nitawaonyesha," mama alisema, akikunja khanga yake. "Lakini kwanza naenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kuhusu wale mbwa."