Mfumo wa kikoba: kuitenga kazi ya kumtambua mtumiaji

Moduli ya utambulisho, yaani sehemu ya programu inayomtambua mtumiaji, sasa inasimama peke yake, na wanachama wa kikoba wameanza kuingia kwa namba zao za simu. Naandika nilivyoijenga kwa sababu yeyote anayetengeneza mfumo wa kikundi cha kuweka na kukopa atakutana na mambo haya haya.

Kwa ambao hawakuufuatilia mradi tangu mwanzo: ni tovuti ndogo, iliyojengwa kwa Django (zana ya Python ya kutengeneza tovuti), inayotunza daftari la kikoba, yaani hisa, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii. Awali aliyekuwa anaingia ni katibu peke yake, akijaza daftari baada ya kikao. Sasa wanachama wanataka kuona hisa zao wenyewe, mweka hazina anataka kuthibitisha marejesho, na mwenyekiti anataka mikopo ipitishwe humo humo. Hatari zao hazilingani hata kidogo. Anayechungulia hisa za mwenzake amevunja faragha, na hilo ni baya. Anayejipitishia mkopo kwa jina la mwenyekiti amekiua kikundi.

Ndiyo maana nilishikilia jambo moja tangu mwanzo: swali la "wewe ni nani?" na swali la "unaruhusiwa kufanya nini?" yasijibiwe mahali pamoja.

Mpangilio

Moduli nimeiita utambulisho. Inapokea ushahidi ambao mtu ameleta na kujibu kwamba huyu ni fulani, au simjui. Haijui hisa ni nini wala mkopo ni nini. Moduli ya mikopo inaweza kuiuliza. Yenyewe haiiulizi mikopo chochote. Nimeandika jaribio linalofeli pale faili yoyote ya utambulisho inapoita kitu kutoka kwenye mikopo au hisa, maana najua nikichoka usiku nitatafuta njia ya mkato.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1995 wahandisi wa Sun Microsystems walipendekeza PAM, utaratibu ambao mpaka leo unafanya kazi ndani ya Linux. Programu inayotaka kumtambua mtu haihangaiki na namna ya kumtambua. Inaukabidhi mfumo, nao unapitia orodha ya moduli alizozipanga msimamizi. Django inakwenda kwa mantiki hiyo hiyo. Kwenye mipangilio kuna orodha iitwayo AUTHENTICATION_BACKENDS, na mtu akijaribu kuingia, Django inaipitia kwa zamu kuanzia juu. Moduli isiyomtambua inarudisha None, na zamu inahamia kwa inayofuata. Moduli ikitoa kosa la PermissionDenied, kazi inaishia hapo hapo na waliobaki hawaulizwi.

Hilo la mwisho nimelitumia kwa wanachama waliosimamishwa. Moduli ya kwanza kwenye orodha yangu haimwingizi mtu yeyote. Inaangalia tu kama namba imefungiwa, na ikiwa imefungiwa, inakata. Moduli ya nenosiri na ile ya SMS hazina haja ya kujua habari za kusimamishwa.

Kuna jambo jingine ndani ya Django ambalo nalipenda sana: sesheni, yaani rekodi ya mtu aliyekwisha kuingia, inakumbuka ni moduli ipi iliyomwingiza. Siku nikiiondoa moduli ya SMS kwenye orodha, wote walioingia kwa SMS wanatolewa kwenye ombi lao linalofuata, kwa sababu sesheni zao zinataja kitu ambacho hakipo tena. Sihitaji kufuta chochote. Na kutokana na kumbukumbu hiyo, utambulisho unaweza kuieleza moduli ya mikopo kwamba huyu ameingia kwa ushahidi hafifu, au kwa ushahidi imara.

Namba ya simu badala ya barua pepe

Katika kikoba chetu barua pepe wanayo wachache, na wengi kati yao walifunguliwa na fundi wa simu siku waliponunua simu, hivyo nenosiri lake hawalijui. Namba ya simu ndiyo kila mtu anayo kichwani. Modeli ya mtumiaji ni yangu mwenyewe, imesajiliwa kupitia AUTH_USER_MODEL, na namba ya simu ndiyo jina la kuingilia. Nyaraka za Django zinasisitiza modeli hiyo iwekwe mapema, kwa kuwa jedwali la watumiaji linashikwa na majedwali mengine na kulibadili katikati ya safari ni kazi ngumu. Ukianza mradi leo, iweke hata kama huoni bado utaifanyia nini.

Namba ile ile watu huiandika kwa sura nyingi: ikianza na 07, na 255, na +255, yenye nafasi au vistari katikati. Zote nazigeuza kuwa muundo wa E.164, ule wa kimataifa unaoanza na + na namba ya nchi, kabla hazijagusa hifadhidata, vinginevyo mama mmoja angejikuta ana akaunti mbili na hisa zimegawanyika. Kubandika 255 mbele ya kila namba hakutoshi. Tuna mwanachama anayefanya kazi Muscat ambaye bado ananunua hisa kila mwezi. Namba yake inaanza na +968 na inafuatiwa na tarakimu 8, wakati za Tanzania zinafuatiwa na 9. Maktaba ya phonenumbers ya Python inayajua haya yote, nami nimeiachia.

Nenosiri la viongozi

Viongozi wanaingia kwa nenosiri, na hashi ninayotumia, yaani njia ya kuligeuza nenosiri kuwa alama zisizoweza kurudishwa nyuma, ni Argon2, iliyoshinda Password Hashing Competition mwaka 2015. Nguvu yake ni kwamba inakula kumbukumbu ya kompyuta kwa makusudi, ili aliyeiba hifadhidata asiweze kukisia maneno mamilioni kwa gharama ndogo. Lakini seva yangu nayo inaliwa. Mpangilio wa kawaida wa Django ni KiB 102,400, yaani MiB 100 kwa kila jaribio moja la kuingia, na seva ninayolipia ina GB 1 tu. Viongozi ni wachache, sawa, ila ukurasa wa kuingia uko wazi kwa dunia nzima. Mtu akituma maombi kumi kwa pamoja, seva imezama.

Nimelirithi darasa la Django la Argon2 na kushusha hadi MiB 19, mizunguko 2 na uzi 1, kiwango ambacho OWASP, shirika la usalama wa programu za wavuti, inakitaja kuwa cha chini kinachokubalika. Juu yake nimeweka kikomo cha majaribio kwa kila namba na kwa kila anwani ya IP. Hashi za awali za PBKDF2, njia ya kawaida ya Django, hazikuhitaji kazi yoyote: Argon2 ikiwa ya kwanza kwenye PASSWORD_HASHERS, Django inaiandika upya hashi ya mtu pale anapoingia kwa mafanikio.

Sikuweka sharti la kubadili nenosiri kila baada ya miezi kadhaa. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, katika mwongozo wake SP 800-63B, inashauri watu wasilazimishwe kubadili kwa ratiba, na mimi nakubaliana nayo kabisa. Mwenyekiti akilazimishwa kubadili kila mara ataliandika kwenye jalada la daftari.

Msimbo wa SMS

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi. Mwanachama wa kawaida anaandika namba yake, anapokea tarakimu 6, anaziingiza. Kwa mtumiaji ni rahisi, kwa mjenzi ni utitiri wa maamuzi.

Tarakimu zinatoka kwenye moduli ya secrets ya Python, si random, ambayo haikutengenezwa kwa kazi za usalama. Msimbo unaishi dakika 5 na kuruhusu majaribio 5, kisha unakufa. Mtu akiomba mwingine, wa mwanzo unafutwa. Katika hifadhidata sihifadhi msimbo wenyewe. Hashi ya kawaida nayo haitoshi, maana michanganyiko yote ni milioni moja na kompyuta yoyote inaimaliza mara moja. Natumia HMAC, yaani hashi inayochanganywa na ufunguo wa siri, na ufunguo huo unakaa nje ya hifadhidata.

Jibu la ukurasa ni lile lile, namba iwe ya mwanachama au isiwe: "Kama namba hii imesajiliwa, utapokea ujumbe." Nani yumo na nani hayumo kwenye kikoba ni siri ya watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 si suala la ustaarabu pekee. Kila ujumbe pia unagharimu fedha ya kikundi, kwa hiyo namba moja haiwezi kuomba misimbo mfululizo.

Hata baada ya yote hayo, SMS naihesabu kuwa ushahidi hafifu. Laini inaweza kuhamishwa na tapeli, na laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hupewa mtu mwingine kabisa. Aliyeingia kwa SMS anaona hisa zake, deni lake na tarehe za marejesho, basi. Kupitisha mkopo kunadai ushahidi imara, tena kutoka kwa viongozi watatu, kila mmoja kwa akaunti yake. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo zake wanazishika watu watatu tofauti. Sikuona sababu ya mfumo kuwa na kinga pungufu kuliko sanduku. Na sharti hili linakaa ndani ya moduli ya mikopo, linakostahili kukaa.

Simu ya kuazima

Wanachama kadhaa wana kitochi, na kuona hisa wanaazima simu ya mtoto au jirani. Sesheni ya kawaida ya Django inadumu wiki 2. Kuitegemea ife pale kivinjari kinapofungwa hakusaidii, kwa kuwa kwenye simu kivinjari hakifungwi, kinaachwa tu nyuma. Nimeweka dakika 15 za ukimya, na kitufe cha kutoka kinaonekana juu ya kila ukurasa kwa herufi kubwa. Katibu amelalamika kwamba anatolewa katikati ya kuhesabu, hivyo kwake, kwa kuwa anatumia kompyuta yake mwenyewe na nenosiri, muda ni saa moja.

Kinachofuata

Naanza TOTP kwa mweka hazina, ule utaratibu wa RFC 6238 ambapo programu kwenye simu inatoa tarakimu mpya kila sekunde 30. Hauhitaji mtandao wala vocha, jambo muhimu kwake kwa sababu kikao kinafanyika mahali ambapo mawasiliano yanakatika. Itakuwa faili moja mpya ndani ya utambulisho na mstari mmoja kwenye mipangilio. Kwenye mikopo sitarajii kugusa kitu. Kilichobaki kujadiliwa na viongozi ni misimbo ya akiba ya karatasi, itakayotumika simu yake ikipotea: nani aitunze, na nani awe shahidi inapotumika. Kikao kijacho nitaipeleka kama ajenda, kisha nitaandika walichoamua.